Folda Moja, Masika Wawili

Jamani, hii habari nimeificha karibu mwaka mzima, na nisingeitoa hata leo kama isingekuwa hapa sokoni Bwera watu bado wananiita Mama Nguruwe, na wageni wasionijua wananisimamisha kuniuliza kilo nauza bei gani. Sifugi nguruwe. Sijawahi kufuga. Mimi ni Kabugho wa studio, ile yenye mlango wa bluu ukielekea mpakani, napiga picha za pasipoti, natoa fotokopi, narekodi harusi na maziko, na siku ile niliaibika mbele ya wakwe wa watu kwa sababu ya kubonyeza kitu kimoja tu, kimoja, tena nilikibonyeza mchana kweupe nikiwa nimeshiba.

Laptopu yangu ilikuwa imechoka mpaka inatia huruma: unaiwasha, unakwenda kununua chapati, unarudi, unakula, unanawa mikono, ndipo inakuuliza neno la siri. Na wiki ile nilikuwa na kazi kubwa. Kulikuwa na binti mmoja, Masika, mwalimu wa chekechea, anaolewa na kijana wa Butembo, ng'ambo Kongo, na sherehe ya kumtoa ilikuwa Jumamosi nyumbani kwao, juu kidogo ya mji. Mama yake alitaka projekta, kitambaa cheupe cha kuonyeshea, picha za binti tangu utotoni, na kubwa kuliko yote, video ya marehemu baba yake.

Hiyo video nilirekodi mimi mwenyewe. Mzee alikuwa anaumwa, anajua kabisa siku hiyo hataifikia, akaniita nyumbani kwake, akakaa barazani karibu na kahawa iliyoanikwa, akamwachia binti yake maneno ya kumuaga. Nilipotaka kumpa mama nakala alikataa. Akasema, "Kabugho mwanangu, kaa nayo wewe. Ikiwa humu ndani nitaiangalia kila siku, nitalia nishindwe hata kupika. Tutaiona siku ile, wote pamoja." Binti naye hakuwahi kuiona. Kwa hiyo ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa kwangu, na mimi nikaiweka D.

(D ni nini? Diski ya laptopu yangu nimeigawa sehemu mbili. C ndimo unakaa mfumo wenyewe, ule unaoiendesha mashine, na D ndimo ninamoweka vitu vya wateja. Mfumo ukiharibika unaifuta C, unaweka mpya, na D haiguswi, ni kama nyumba ya vyumba viwili, unapaka rangi kimoja na mtu amelala kile kingine.)

Ijumaa asubuhi mashine ikaganda mara tatu kabla sijamaliza hata kikombe cha chai, nikaamua: naweka mfumo mpya leo. Mume wangu Thembo, ambaye ni mtu wa boda boda, akaniambia, "Ngoja Jumatatu. Kesho ni kazi ya watu."

"Na wewe pikipiki yako ikizima katikati ya barabara unangoja Jumatatu?"

Akavaa helmeti, akaenda zake. (Nilijiona nimeshinda. Mimi nikishinda maneno ndipo hasara inapoanza, nimekuja kujua hivyo.)

Jambo la kwanza ni kuhamisha vitu vyote vilivyobaki C kuvipeleka D, kwa sababu mimi nina ugonjwa wa kuacha kazi za watu pale mbele ya kioo, zimejaa mpaka picha ya nyuma haionekani. Katika vile vilivyobaki kulikuwa na folda moja inaitwa Masika. Si yule bibi harusi. Masika mwingine.

Sasa hapo muelewe kwetu tunavyoitana. Sisi Wakonzo hatuchagui tu jina, mtoto anazaliwa na jina lake linamngoja: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho kama mimi, na kuendelea. Kwa hiyo karibu kila nyumba ina Masika wake. Ukisimama sokoni ukaita "Masika!" nusu ya wanawake wanageuka, na wanaobaki wanakuuliza unamtaka yupi.

Huyu wa pili ni Masika wa nguruwe, anafuga upande wa Kasese, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mzuri. Wateja wake wako ng'ambo, Kongo, kwa hiyo alinichukua nikarekodi nguruwe mmoja mmoja huku yeye anawasifia, nikamwekea kwenye memori kadi ya simu yake awe anawatumia. Nakumbuka alirudi studio mara moja amekasirika nusu na kucheka nusu, anasema, "Kabugho, umeniwekea na mzee mmoja anaongea. Nilimtuma bila kuangalia, mteja wangu akaniuliza, na huyu papa naye munauza?" Tulicheka mpaka machozi, nikamwekea nguruwe wake vizuri kwenye folda nyingine, akaenda. Hata sikufikiria zaidi ya hapo.

Basi Ijumaa ile nikaivuta folda ya nguruwe kuipeleka D, mashine ikaniuliza (iliniuliza, siwezi kuisingizia): kule kuna folda yenye jina hili tayari, niunganishe? Na kuna faili zenye majina sawa, niweke hizi mpya mahali pa zile za zamani? Maana mimi video za kila mteja naziita Moja, Mbili, Tatu, nilijiona nina mpangilio mzuri. Wakati huohuo kuna mtu dirishani anataka fotokopi ya kitambulisho, nikabonyeza "ndiyo kwa zote" bila kusoma, nikageuka, nikampa mtu fotokopi yake na tabasamu juu.

Halafu, chekeni tu, kule kwenye hatari yenyewe nilikuwa makini kama daktari wa upasuaji! Nilijua ukianza kuweka mfumo zile herufi C na D zinaweza zisionekane, unaonyeshwa orodha ya sehemu na ukubwa wake tu, kwa hiyo niliandika ukubwa wa D kwenye kiganja kwa kalamu. Nikasali kidogo. Nikasoma kiganja, nikasoma kioo, nikasoma kiganja tena, nikaifuta C peke yake. Mfumo ukaingia. Mashine ikawaka kabla sijakaa vizuri, nikaenda D mbio, nikakuta kila kitu kipo. Nikafungua folda ya Masika, picha ya kwanza ni binti mdogo hana meno ya mbele, amevaa sare ya shule. Nikaifunga. Nikampigia Thembo simu hukohuko barabarani: "D haijaguswa hata kidogo! Bado unataka Jumatatu?"

Jumamosi nyumba ilijaa, na hema uani nalo likajaa. Wakwe walivuka mpaka wa Kongo asubuhi na mbuzi wao wamefungwa utepe shingoni, mbele yao msemaji wao, Papa Kambale, suti ya kahawia na kofia ambayo haitoki kichwani. Spika kubwa mbili. Mimi kwenye meza yangu nimevaa gauni la kitenge, na nilipopewa maikrofoni niseme tuko tayari, si ningesema tuko tayari nikakaa? Hapana. Nikasema, "Wageni wetu, leo hamtaona mambo ya kukwama, mashine hii imezaliwa upya jana, na kila kitu cha familia hii nimekitunza salama kabisa." Watu wakanipigia makofi.

Picha zilikwenda vizuri. Kisha nikatangaza maneno ya marehemu baba. Binti akashika mkono wa mama yake, mama akatoa leso kabisa akaiweka tayari mapajani. Nikafungua Moja.

Kwenye kitambaa akatokea nguruwe jike, mweupe, mkubwa kuliko meza, anatutazama. Na kwenye spika sauti ya mwanamke: "Huyu ndiye mwenyewe! Muangalie mgongo huo! Anakula chochote, halalamiki, na kuzaa usiniulize!"

Banange, jamani!

Nikapapasa kibao cha chini kile cha kusogeza mshale, mshale umeganda (ukiweka mfumo mpya kuna vitu lazima uviwekee programu zake visigande, mimi nilikuwa napiga simu za kujisifu). Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, ikaruka kwenda Mbili: nguruwe mwingine, madoadoa, ananyonyesha. Nikaona heri nichomoe waya wa projekta. Nikachomoa. Picha ikaenda, sauti ikabaki! Sasa hakuna nguruwe tena, macho ya watu wote hayana pa kwenda isipokuwa kwa bibi harusi aliyekaa katikati, na sauti inaendelea kwa fahari, "Huyu miguu yake mizuri, mshike masikio kama huamini, hana ugonjwa, ukimchukua leo hutajuta!"

Papa Kambale akasimama polepole, akasema, "Ee mama, sisi tulileta mbuzi. Ya nguruwe hatukusikilizana." Hema zima likaangua kicheko, vijana wa spika wamejishika matumbo, hata padri amejifunika uso. Mwishowe nikang'oa betri. Na mimi nikaanza kucheka kidogo, nikifikiri, sawa, ni aibu, itapita, nawasha tena namtafuta mzee.

Lakini mama hakucheka. Alikuja mezani kwangu na leso yake mkononi, kavu, akaniuliza taratibu, "Kabugho, baba yao yuko wapi?"

Nikawasha. Nikatafuta. Moja ilikuwa moja tu, na ilikuwa nguruwe. Ndipo nikakumbuka mtu wa fotokopi, na kidole changu, na "ndiyo kwa zote", nikaelewa kwamba C niliyoiogopa haikunidhuru kitu, ni mimi mwenyewe niliyeingiza nguruwe D wakamkanyaga mzee. Nilimwambia kweli, sikuwa na uongo wa kutosha: "Mama, nimemfuta."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeuka akamtazama binti yake kule mbele, na binti akajua, na watu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Nililia pale mbele ya wakwe, na wanja wote ukanishuka.

Sasa, Masika wa nguruwe alikuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, ndiye aliyeletwa kupika nyama. Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye spika, akaja na mwiko mkononi, jasho linamtiririka, anapiga kelele, "Nani iko anauza nguruwe yangu na mimi niko hapa?" Akakuta msiba. Nikamweleza kwa kwikwi.

"Mzee gani? Yule wa kahawa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Niko naye," akasema, anafuta mkono kwenye aproni. "Sikumutoa kwa simu. Anaongea muzuri, namusikilizaga nikiosha vyombo."

Ile simu ilikuwa na mafuta kioo kizima. Kuiunganisha na mashine yangu ilikataa (mfumo mpya, jamani), kwa hiyo niliishika juu kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mkono mwingine, na mama, binti, wakwe, padri, wote wakaja kuizunguka ile simu ndogo, wamebanana.

Mzee akakohoa. "Imeanza? Kabugho, imeanza? Haya. Masika, binti yangu. Huko unakokwenda, wiki ya kwanza usiamke mapema sana. Watazoea, na ukishawazoeza hutaweza kurudi nyuma. Mama yako alikosea hapohapo, mpaka leo anaamka kabla ya kuku kunipikia chai, na mimi nikanyamaza miaka yote hiyo kwa sababu chai ilikuwa tamu. Mama Masika, unisamehe kwa hilo. Mwanangu, nenda vizuri. Kabugho, zima, betri yako itaisha."

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama alijifunika leso uso mzima. Na Papa Kambale akavua ile kofia, akainamia simu kana kwamba mzee yumo ndani, akasema, "Papa, tumesikia. Tutamuacha alale."

(Baada ya chakula nilimkuta pembeni na Masika wa nguruwe, wanapatana juu ya yule mweupe mwenye mgongo.)

Tangu siku ile folda za studio yangu zina jina la mtu, jina la mama yake, kijiji na anachotaka, na mashine ikiniuliza swali nasoma mpaka mwisho hata kama foleni imefika barabarani, na "ndiyo kwa zote" nimeiapia kanisani kabisa, sitaibonyeza tena mpaka naingia kaburini. Thembo siku hizi akiniona naigusa mashine ananiuliza tu, "Leo ni Jumatatu?"

Na kweli Jumatatu baada ya sherehe, nikiwa nimeshainakili video kutoka kwenye ile kadi, mama yake Masika alikuja studio. Mimi nikajiandaa kusemwa. Akaweka flashi juu ya meza, akasema, "Niwekee na mimi yangu, nikilia nitalia tu." Kisha akakaa kitini, akavuta pumzi. "Leo nimeamka saa nne," akasema, "na chai nimepikiwa."