Makoti ya Mbwa Yapanda Kilimani

Nilitoka Jeppestown, mtaa wangu hapa Johannesburg, asubuhi ile kwa sababu ya makoti mawili ya mbwa. Ndiyo, ndugu zangu wa Kigoma, huku mbwa huvaa. Niliyashona mwenyewe kwa turubai la kijani na bitana ya kitenge, yakiwa na mifuko ubavuni ili kila mbwa ajibebee maji yake. Mwenye mbwa ni Dada Nomsa, aliyezaliwa Morogoro wazazi wake walipokuwa uhamishoni, kwa hiyo Kiswahili anacho. Yeye na wenzake hupanda vilima na mbwa wao kila Jumapili. Makoti yakifaulu siku hiyo, kikundi kizima kitaagiza kwangu. Mimi nilishaanza kuota kibao mlangoni: Amosi, Fundi wa Mbwa.

Garini mwa Nomsa nilikaa mbele na mbwa nyuma: Asali, jike mzee mpole, na Kapteni, dume lenye kichwa kama ndoo. Kila tuliposimama kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, Kapteni alinipumulia shingoni.

"Fundi, mbona umejikunja?" Nomsa akauliza.

"Baridi, dada."

Baridi gani! Mbwa nawaogopa tangu utoto. Hata vipimo vya Kapteni nilivichukua kwa macho, nikiwa nje ya geti.

Tulipofika kwenye vilima vya Magaliesberg, kila kitu kilikuwa kikavu: nyasi, mawe mekundu, na miiba iliyong'ang'ania suruali yangu kama watoto wanaotaka kubebwa. Kikundi kilitungoja. Mkuu wao ni mama mzee wanayemwita Gogo, yaani bibi, mwenye fimbo na kijibwa kinachobweka bila kupumzika. Akayazunguka makoti, akavuta mishono.

"Sharp," akasema, yaani safi kabisa. Moyo wangu ukacheza.

Tukaanza kupanda. Kapteni alitangulia kama afisa siku ya gwaride. Kwenye kichaka cha kwanza akainua mguu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mkanda mpana niliouweka wa kufungia koti tumboni ulikuwa umefunika sehemu isiyopaswa kufunikwa. Koti likalowa, kitenge kikalowa, na mfuko nilimoficha chapati zangu ukalowa. Kapteni mwenyewe alinitazama kwa masikitiko.

"Eish!" Gogo akaketi juu ya jiwe, akasema maneno kwa Kizulu.

Nomsa alitafsiri huku amejishika mbavu: "Anauliza, fundi, hujawahi kuona mbwa dume?"

"Mwambie wateja wangu wote wakienda haja huvua!"

Gogo alicheka mpaka kijibwa chake kikanyamaza. Kisha akafuta machozi, akatikisa kichwa.

"Anasema mshono ni mzuri," Nomsa akasema taratibu, "lakini hataagiza koti la kumwaibisha mbwa."

Kibao changu kikaanguka kabla hakijatundikwa.

"Dada, mwombe anisubiri kidogo." Mkasi na sindano sikosi mfukoni. Kazi yenyewe rahisi: kuukata mkanda na kuuhamishia kifuani. Ila kifua kilikuwa cha Kapteni.

"Nimshike?"

"Mshike, dada. Hasa upande wa meno."

Nikapiga magoti kwenye mawe, nikapitisha mkono chini yake. Alikuwa wa moto, na moyo wake ulikwenda mbio kama wangu. Kumbe jitu lote hili nalo linaniogopa! Nikamnong'oneza, "Pole, mkubwa, namaliza." Akaniramba sikio, nje na ndani. Nilipiga yowe, lakini mkono sikuutoa.

Huko juu kileleni Kapteni aliinua mguu kwenye kila jiwe, na kila mara kikundi kikampigia makofi. Koti halikulowa tena!

Tuliporudi chini, Gogo akakitia kile kijibwa mikononi mwangu.

"Ataagiza, na wenzake pia," Nomsa akasema. "Ila upime kwa mikono. Uanze na huyu."

Kikaniuma kidole gumba. Sikukiachia, nacho hakikuniachia. Nikakipima hivyo hivyo, mgongo, kifua na kule chini.

Nilirudi Jeppestown kidole kimefungwa kitambaa. Nimejifunza kwamba mteja hapimwi kwa mbali. Unamsogelea mpaka uusikie moyo wake. Mama, wakikuuliza mwanao anafanya nini Johannesburg, sema anashona. Anawashonea akina nani, nitakuja kuwaeleza mwenyewe.