Kripsi za Siku Iliposhuka Wadi

Pakiti ya kripsi ikipasuliwa ina mlio wake, pwaa, kisha chakarachakara ya vidole vinavyotafuta. Jana mjukuu wangu Sabra kapasua moja hapa nyumbani Al Khoudh, Maskati, na nje mvua inapiga juu ya mashine ya baridi kama mtu anamwaga kunde kwenye sinia. Mvua, mwisho wa mwezi wa nne! Mablanketi yashafuliwa na kufungiwa kabatini, watu washaanza kulia na joto, mara skuli zafungwa kwa mvua. Watoto wamekaa wanacheza kuotea ladha: unafumba macho, unatiwa kripsi mdomoni, unataja.

"Bibi, fumba macho," kaniambia Sabra. "Hizi mpya, zimetoka juzi tu. Otea."

N'kafumba. Na nilipofumba sikuwa Al Khoudh tena. Nilikuwa Sidab, mtaa wa wavuvi, nna miaka tisa.

Mimi kusoma nimejifunza mtu mzima, darasa la jioni, na wenzangu wenye wajukuu, kwa hivyo nikiruka huku na huku mnistahamilie. Tulikuwa tumetoka Unguja hata miaka miwili haijatimia. Vyumba viwili, baba, mama, bibi mzaa mama, na mimi. Harufu ya papa mkavu ilikuwa ikiingia mpaka ndani ya mito ya kulalia. Mamangu akashikwa na homa ya manjano, macho yakawa kama kiini cha yai. Uji akautema. Halwa, wallahi halwa ya moto, akasema ni kama anatafuna jivu. Bibi alikuwa na kauli yake, "mgonjwa haulizwi uji," lakini siku ya tano kauli ikamshinda, akamuuliza.

"Zuhura mwanangu, moyo wako unataka nini?"

"Kripsi za muhogo," kasema mama. "Za pilipili na ndimu."

Muhogo, Maskati, zama zile! Heri angeomba theluji. Bibi katoka uani kalia, karudi kaniita pembeni. "Kwa Haji Murad, ng'ambo ya wadi, wamesema kumekuja kripsi za mbatata, zina ladha. Kalete za pilipili. Ulimi wake ukiamka atakula. Akila, atapona."

Hayo ya mwisho ndiyo niliyokwenda nayo njiani. Akila, atapona.

Wadi, kwa asiyeijua, ni bonde la mawe makavu ambalo mwaka mzima wanalala mbuzi. N'livuka nikirukaruka. Haji Murad mwenye duka alikuwa Mbulushi mwenye jino la dhahabu, hapitwi na mtu bila kumtania.

"Bint Zinjibar! Karafuu zimekwisha kwenu, leo unanunua kwangu?"

"Nataka kripsi za pilipili, ami. Za mgonjwa."

"Za pilipili wamezimaliza wavuvi. Zimebaki hizi za tungule. Chukua, mbatata ni mbatata."

N'kachukua, pakiti ina picha ya nyanya nyekundu. Sijamaliza kutoka mlangoni, mbingu ya upande wa mlimani ikawa rangi ya chini ya sufuria. Nayo ilikuwa mwezi wa nne vile vile, watu washapeleka magodoro juu ya mapaa kukimbia joto! Ikaanza kwa mvua ya mawe, kisha maji, kisha mngurumo kama wa lori, wadi hiyo inashuka, imebeba mlango mzima na mbuzi mmoja miguu juu. Haji Murad kanidaka ukosi wa gauni. "Ukikanyaga hapo utaokotwa baharini!"

Nilikaa kwenye kibaraza chake tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nyumba yetu naiona. Bibi namuona ng'ambo, kanga imemganda kichwani, ananipungia mikono, ananiita, sauti haifiki.

N'kaifungua ile pakiti. Nilitaka kujua tu kama ladha yake inatosha kumuamsha mtu ulimi. Ya kwanza ilikuwa tamu, chumvi, na ukali fulani nyuma ya masikio, mate yakanijaa. N'kaonja ya pili kuhakikisha. Nikisema nilikuwa na njaa nitakuwa muongo. Nilikuwa na hofu, na mkono wa mtoto mwenye hofu unajua njia moja tu, ya mdomoni. Maji yalipopungua vilibaki vipande vinne na vumbi, vimelegea kwa unyevu kama karatasi.

Mama walikuwa wamemuinua juu ya mito, ananingoja. Bibi kachungulia ndani ya pakiti, kaniangalia. Bora angenipiga.

"Nipe, mwanangu," kasema mama. Kachukua kipande, katafuna, katafuna, kameza kwa maji. Halafu kalamba na kidole. "Mmh! Pilipili imekolea. Kama za kwetu."

Nilivyofurahi! N'kakimbia kumwambia baba mama kapona. Pilipili imetoka wapi kwenye tungule sikujiuliza. Siku ya nne yake tukamzika.

Miaka chungu nzima n'liamini zile nilizokula kibarazani ndizo zilizokuwa za kumponya. Sikumwambia mtu. Wanangu wakifungua pakiti, mimi natoka chumbani.

Mwaka jana n'kaumwa mie, na homa iliponitoka ikatoka na ulimi wangu. Halwa ikawa jivu. Hilo pia sijamwambia mtu. Hapo ndipo nilipomjua mamangu. Hakuonja kitu siku ile. Ningemletea pakiti nzima, tena ya pilipili kweli, angetafuna jivu vile vile, na alilitafuna kwa ajili ya uso wangu. Mtu atadhani kujua hivyo kunanipunguzia. Wapi! Zamani nilikuwa na kosa, na kosa mtu huliombea msamaha. Sasa hata kosa sina. Tangu mwanzo hapakuwa na la kufanya.

"Haya Bibi, ladha gani?"

N'katafuna. Karatasi.

"Pilipili," n'kasema, "na ndimu. Imekolea."

Wadogo wakaangua kicheko. Mara wakanyamaza wote pamoja, kama waliokatazwa kwa jicho.

"Umepata, Bibi," kasema Sabra, taratibu.

N'kafumbua macho. Pakiti ameilaza kifudifudi juu ya paja, kaifunika kwa kiganja, lakini kwenye pembe iliyokunjika imechomoza picha, kipande cha jibini, manjano, kina matundu.

"Nipe nyingine, mwanangu," n'kamwambia.