Chembe Kali za Shangazi

Dobi yule alijulikana kwa vitu viwili: ukosi ulionyooka na mdomo usionyamaza. Ukimpelekea shati lenye kalamu mfukoni, utalipata safi, ila na maneno juu yake. "Kaka, mimi nafua nguo, sifui wino." Wateja walicheka, lakini wakishapinda kona.

Asiyemwogopa alikuwa mmoja, binti wa marehemu kaka yake, mwenye miaka minane, aliyemwita shangazi. Huyo alishinda chini ya meza ya kupigia pasi akipanga vifungo vilivyong'oka. Alikuwa mpole hata ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Saratani ya damu ilipomrudia mara ya pili, alimwomba radhi muuguzi kwa kuwa mshipa wake haukuonekana.

Daktari akasema dawa peke yake hazitatosha tena. Mtoto anahitaji chembe mama za damu kutoka kwa ndugu. Mama mtu hakusubiri zaidi. Alikwenda nyumbani, akapanga begi, akarudi.

"Niko tayari," alisema.

"Bado hatujachagua mtu," daktari akajibu.

"Kwani si chembe mama? Mama ni mimi."

Daktari akamwelewesha polepole kwamba zinaitwa hivyo kwa sababu ndizo zinazozaa chembe nyingine zote za damu. Wakapimwa wote wawili, mama na dobi. Majibu yakaja sawa: kila mmoja analingana na mtoto nusu.

"Nusu?" dobi akauliza. "Mimi tangu lini nimekuwa nusu?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu daktari alikuwa amemchagua yeye. Alieleza kwamba ndani ya damu mna askari wa kuzaliwa nao. Wa mama wanazijua alama zote za mwili wa mtoto, wakikutana na saratani wanaweza kuipita kama jirani. Kati ya wa shangazi wamo wasiozizoea alama hizo, na hao ni wakali. "Sikuhakikishii. Lakini kwa ugonjwa huu, ningechukua hao wakali."

Mama alilifunga begi lake, akatoka bila kuaga.

Dobi alikwenda kutolewa chembe, akakaa kwa saa nne na mipira ya kuvutia damu mikononi, akarudi kazini. Kesho yake, kabla ya nguo za wateja, alipiga pasi magauni ya wifi yake, nje na ndani, maana chumba cha mtoto hospitalini hakikuingiwa na nguo yenye vumbi. Alimpelekea hadi mlangoni.

"Wifi, mimi nimetoa damu tu. Wa kukaa naye humo ndani ni wewe."

Mama akayapokea. "Hili la bluu umelikunja vibaya," alisema, na dobi akajua amesamehewa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mtoto akatiwa chembe za shangazi, wakahesabu siku. Chembe nyeupe za mtoto zilikuwa sifuri, kisha sifuri, kisha sifuri. Dobi alipiga pasi na simu kando yake. Siku ya kumi na nane ikalia.

"Zimeshika," mama alisema. "Daktari kaniambia sasa hivi, zimeanza kupanda. Safari ni ndefu bado, ila zimeshika. Mimi nilijua tangu jana."

"Ulijuaje?"

"Mwanao kamgombeza muuguzi. Eti chai imepoa, nani anakunywa chai kama hii."

"Kwani ilikuwa imepoa kweli?"

"Ilikuwa imepoa, wifi."

"Basi kasema haki yake."

Akaifuta pua kwa kiwiko, ndipo harufu ikamfikia. Pasi ilikuwa imelala juu ya ukosi wa shati jeupe la mwalimu mmoja, mteja wake, na imeacha alama ya kahawia yenye ncha.

Mwalimu alipokuja jioni alijiandaa kusemwa kwa kuchelewa. Dobi alilishika shati kwa mikono miwili, akatazama chini.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nimekuunguzia."

Mwalimu alilichukua, akasimama pale mlangoni, akamuuliza kama anaumwa.