Siku Programu Ilipojiwasha Yenyewe

Kwenye kinu cha mpunga nilichofanyia kazi hapa Ifakara, niliajiriwa kama msaidizi wa mhasibu. Kazi iliyonimaliza ilikuwa nyingine. Ofisini kulikuwa na seva, na ndani yake programu iliyopokea uzito wa magunia kutoka kwenye mizani na kumtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu. Umeme ukikatika na kurudi, seva iliwaka, lakini programu ile ilibaki imelala mpaka mtu aketi aandike mstari mmoja wa amri. Mtu huyo alikuwa mimi. Bosi hakutaka mwingine aiguse.

Na umeme wetu mnaujua. Nimeitwa kutoka kanisani, nimeitwa kutoka saluni nikiwa nimesukwa nusu kichwa.

Masika moja mama yangu akazidiwa kwetu Malinyi. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa anamuuguza. Nikaomba ruhusa, nikaenda. Kesho yake asubuhi, namnywesha uji, bosi akapiga simu.

"Umeme umerudi, programu imegoma. Watu wa Mngeta wamejaa hapa na malori, wananitukana."

"Bosi, hali ya mama ni mbaya. Nipe karani yeyote nimwelekeze kwa simu."

"Nani aguse mashine yangu? Mama hafi leo. Njoo uwashe, urudi."

Dada alinitazama nikijifunga kanga. Bodaboda iliniangusha kwenye tope njiani. Nikafika, nikaandika mstari wangu, magunia yakaanza kupimwa. Hata miguu sijanawa, simu ya dada ikaingia. Mama amekwenda.

Bosi alinikuta nalia. "Pole," akasema. "Basi chukua siku zako." Kisha akawageukia wenye malori.

Msimu uliofuata alikuja fundi kutoka Morogoro kubadilisha betri za akiba. Akanikuta naandika amri yangu.

"Shikamoo dada. Kumbe hii unaiwasha kwa mkono?"

"Marahaba. Kila umeme ukirudi."

Akavuta kiti, chupa ya soda mkononi. Akaandika faili fupi: programu ipo wapi, isubiri mtandao kwanza, ikianguka ijiinue yenyewe. Kisha akaiagiza seva iwe inaiwasha programu kila yenyewe inapowaka. Soda haikuwa imefika nusu.

"Tayari, dada. Haitakuhitaji tena."

Bosi akaita ofisi nzima ije kuona. Akanituma mimi nikazime swichi kubwa, inayokata hata betri. Nikaizima, nikaiwasha, nikarudi kusimama nyuma yao. Maandishi yakapita kwenye skrini, programu ikaamka, mizani ikalia. Makarani wakapiga makofi.

"Dada, mashine imekupiga chini!" mmoja akasema, wote wakaangua kicheko.

"Ilitakiwa iwekwe hivi tangu siku ya kwanza," fundi akasema huku anafunga mkoba wake.

Nikamwangalia bosi. "Kumbe iliwezekana?"

"Fundi aliyeifunga seva mwanzoni aliniambia," akajibu. "Nikaona ya nini kuhangaika? Wewe ulikuwa unakuja."

Hakuwa na hasira wala aibu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakujenga uzio. Nilitoka nikaenda nyuma ya ghala, kwenye rundo la pumba, nikataka kulia nikashindwa. Baada ya hapo, kwa kuwa seva haikunihitaji tena, nikahamishiwa kukung'uta magunia matupu. Vumbi likanipa kikohozi, nikaacha kazi. Sasa natoa fotokopi kwenye kibanda mtaani Mlabani.

Nilipoacha, nilikwenda Malinyi kumweleza dada. Alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa miguu. Nilidhani tutalia pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimama.

"Kwa nini umekuja kuniambia?"

"Nilitaka ujue siyo mimi niliye..."

"Nilishakusamehe," akanikata. "Nilijua uliondoka kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Leo unaniambia njia ilikuwepo."

"Mimi sikujua, dada."

"Siku ile mama alikuulizia. Nikamwambia umeenda kuchota maji, unarudi. Akawa anaangalia mlango."

Wingu likawa linakuja. Tulishika turubai, yeye huku, mimi kule, tukakusanya mpunga ndani kabla ya mvua. Hakunikaribisha chakula. Tangu siku hiyo hasemi nami mwenyewe; salamu zake huletwa na watoto wake.