Kikombe cha Mama Sufi

"Hivi, mwenzangu, siku ile darajani mbona mlikawia hivyo kugeuza vikombe?"

Jirani alimuuliza Mama Sufi swali hilo miaka ilipokwisha kupita, wamekaa barazani, jirani anachambua sufi, yeye anashona godoro. Mume wa jirani alikuwa mmoja wa wanaume waliosubiri siku ile, na mpaka leo husema mgongo wake ulikaribia kuota macho. Mama Sufi alikata uzi kwa meno, akajibu kwamba magoti yalikuwa mazito. Jirani akacheka, akataka kujua ni magoti gani hayo yanayogeuza vikombe. Mama Sufi akainamia sindano yake.

Kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Chumba chake cha mbele kilijaa magunia ya sufi hadi darini, na kichwa chake kilikuwa cheupe kwa nyuzi za sufi kabla mvi hazijafika, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mungu alimpa watoto wawili. Wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa naye mtaa wa chini. Wa kike aliolewa mtaa wa juu, ng'ambo ya daraja, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Ukame ulipozidi, watu wa juu waliweka lango kwenye mfereji na kuyazuia. Watu wa chini wakaenda kulivunja, wakampiga mlinzi hadi mkono ukavunjika. Siku ya tatu mwanawe Mama Sufi alikuwa uani anakata mabomba na kuyatia ncha, na mama yake alipomletea chai aliipokea bila kumtazama usoni.

Lakini katika mitaa ile miwili hakuna aliyeinua fimbo kabla ya kikao cha daraja. Kila upande ulituma mtu mmoja, na asiye na ndugu au mkwe ng'ambo hakutumwa, kwa sababu asiye na cha kupoteza huongea ovyo. Wawili hao walikaa juu ya vigoda, goti kwa goti, kila mmoja na mtungi wa maji ya kwao na kikombe. Wanaume wa pande zote walisimama mbali, wamegeuza migongo, wakisubiri kwa masikio. Kila mjumbe alitaja kosa la upande wake, si la mwenzake. Kisha alijaza kikombe chake, akakisukuma mbele, na kila mmoja akanywa maji ya mwenziwe. Vikombe vikigeuzwa na kugongwa juu ya ubao, watu walirudi makwao. Lakini aliyekunywa maji yake mwenyewe alikuwa amesema kwamba hataki cha mwenzake. Tangu hapo neno halikuruhusiwa tena; mwenzake aliinuka na kuondoka, na fimbo zikaanza.

Wazee wa mtaa walipomfuata Mama Sufi, aliwaambia ana magodoro mawili ya watu hajamaliza. Wakamwambia watayasubiri. Alijikaza kisabuni mbele yao, lakini walipotoka alipiga magoti katikati ya magunia, akaomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki anataja majina ya wanawe tu. Mmoja huku, mmoja kule. Upande wowote utakaoshinda, msiba ni wake.

Asubuhi aliubeba mtungi. Alipompita mwanawe mstarini alisikia bomba likikwaruza jiwe, na sauti hiyo ikamfuata hadi darajani.

Ng'ambo ile walikuwa wamemtuma mama mkwe wa binti yake, muuza mkaa aliyeitwa Mizani, maana hakuwahi kumzidishia mtu hata kipande. Hawakuwa wakielewana. Tangu harusi Mizani alikuwa akiwaambia watu kwamba godoro la bibi harusi lina vinundu. Sasa alikaa, goti lake likagusa la Mama Sufi, na Mama Sufi akahisi kwamba nalo linatetemeka. Hilo likamtisha kuliko yote. Kama Mizani anaogopa, basi huko juu silaha zipo tayari.

Alitaka kuuliza binti yake analalaje, miguu imevimba au la, lakini si mahali pake. Mizani akaanza: wao ndio walioweka lango, wakajua kabisa kwamba huko chini kuna watoto wachanga. Ikawa zamu ya Mama Sufi. Alisema wao ndio waliovunja lango, wao ndio waliompiga mlinzi, naye alikuwa mtu mmoja mikononi mwa watu tisa. Kwenye neno tisa sauti ilimkatika, kwa kuwa mwanawe alikuwa mmojawapo.

Kinywa kilimkauka kama aliyekula majivu. Walijaza vikombe. Mizani alikisukuma chake mbele. Mama Sufi alikishika chake ili naye akisukume, lakini mkono, kwa mazoea ya mtu mwenye kiu, ukaenda juu. Alikwisha kumeza mafunda mawili ndipo akayatambua maji ya mtungi wake, yenye ladha ya udongo wa nyumbani kwake.

Hakuna mwingine aliyeona, migongo yote ilikuwa imegeuka. Mizani alikuwa ameona. Alikitazama kikombe kile, akamtazama Mama Sufi, na uso wake ukafunga kama mlango. Akaweka mikono juu ya magoti ili ainuke. Kigoda kikalia. Nyuma, yule mwenye bomba akakwaruza jiwe tena.

Mama Sufi alijua kwamba sheria imemfunga mdomo, na kwamba akiifuata atazika mtoto. Akamshika Mizani ncha ya kanga, akasema kwa sauti ndogo isiyoweza kufika kwa wanaume:

"Mkwe, hayo nimeyanywa kwa woga. Nakuomba unipe na ya kwako."