Mpemba aliyetutengenezea programu bure

Leo ofisini tumemhoji mtu kama mwizi, na kosa lake ni kutusaidia.

Kampuni yetu hapa Usagara imefungua ofisi ya programu huria, msimamizi mimi. Programu yetu ya mizani tumeiweka wazi mtandaoni, anayetaka aichukue, airekebishe.

Asubuhi mtu wa Pemba katuletea marekebisho. Mazuri. Bure.

Bure?!

Mhasibu wetu, Mzee Shekue, zamani alikuwa kwenye kiwanda kilichobinafsishwa. Akaniambia, "Mwanangu, na sisi wawekezaji walianza kwa kutusaidia. Siku moja tukakuta kufuli jipya getini."

Tukampigia huyo Mpemba, simu kwenye spika, bosi kasimama mlangoni.

"Shikamoo wazee. Mie nanunua dagaa, napimia kwa programu yenu. Mizani ikiwapunja wavuvi, nalaumiwa mie. Basi nikaitengeneza."

"Unataka nini?" Mzee akamkaba.

"Sitaki kitu."

Kisha akauliza yeye.

"Na nyie mnaoigawa bure, mnataka nini?"

Mzee akanigeukia. Bosi akanigeukia.

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jamani, wenzangu, mngejibu nini? Bosi bado yuko mlangoni.