Siku Bway Paw Alipoambiwa Apite

Naw Bway Paw alivuka Mto Moei, mpaka wa kuingia Thailand, akiwa msichana, ameshikwa mkono na mama yake, na nyuma yao kijiji chao cha kabila la Wakareni kilikuwa kinateketea, kimechomwa na wanajeshi wa nchi yao. Upande wa Thailand hakuna aliyewafukuza. Serikali ya wakati ule iliwachukulia kama wageni wa muda. Iliwaachia kipande cha ardhi wajenge vibanda vya mianzi, na asubuhi mwenye nguvu alitoka akatafuta kibarua.

Bway Paw alikipata kwa Lamduan, mjane wa Kithai aliyelima mahindi jirani.

"Wee! Jembe halishikwi kama mwiko!" Lamduan alimfokea siku ya kwanza.

"Basi nionyeshe, dada, badala ya kupiga kelele kama bata."

Lamduan alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo wakawa wanakula pamoja.

Kisha wanajeshi wale wa ng'ambo wakavuka mto na kuchoma vibanda. Serikali ikabadili msimamo. Kambi ndogo zikaunganishwa kuwa moja kubwa, ikazungushiwa seng'enge, na lango likawekwa askari. Ukikutwa nje, unakamatwa; ukiwa na bahati mbaya unarudishwa ulikokimbia. Bway Paw aliolewa humo ndani na kuzaa watoto watatu. Chakula kilikuwa mchele wa msaada, dengu na samaki wa kusaga.

Mwaka mmoja mumewe, Saw Tamla, alipenya seng'enge kwenda kuchimba machipukizi ya mianzi. Akakamatwa. Habari zilipomfikia Lamduan, alikwenda kituoni na matope yake miguuni.

"Huyo ni kibarua wangu! Mkimvusha mto, nyinyi ndio mtanivunia mahindi?"

"Mama, sheria imebadilika," ofisa akamwambia.

"Sheria imebadilika, mahindi hayajabadilika. Mwache aende kwa watoto wake."

Ofisa alimtazama Tamla, akatazama dirishani, akamwachia arudi kambini. Lamduan alionywa asiajiri tena mkimbizi. Alitii, ila kila msimu alileta maboga langoni, akiwaambia askari: "Nusu yenu, nusu ya Bway Paw. Na ninayahesabu!"

Miaka ikapita hivyo, mingi. Mwishowe wafadhili wakapunguza msaada, na mashamba ya Thailand yakakosa vibarua. Ndipo serikali ikatangaza kwamba wakimbizi walioandikishwa wanaweza kutoka kufanya kazi.

"Ni mtego," Tamla alisema.

"Mtego gani unatangazwa kwa kipaza sauti, baba watoto?"

Vijana walipanda mabasi kwenda bustani za mbali, binti yao akiwa mmojawapo. Bway Paw alichukua kibali chake akaenda langoni. Pale akasimama.

"Mama, mbona umesimama?" aliuliza askari, kijana mdogo kwa umri kuliko hiyo seng'enge.

"Nasubiri uniulize naenda wapi."

"Kibali unacho. Pita tu, mama."

Akapita. Njia nzima ya kwenda kwa Lamduan alitembea akigeuka nyuma, na hakuna aliyemfuata.

Lamduan alikuwa kibarazani, magoti yamevimba, wanawe wote wamehamia Bangkok. Alimkagua Bway Paw kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umezeeka, wewe."

"Na wewe umekuwa kijana?"

Wakashikana, wakalia, kisha Lamduan akapangusa pua kwa mtandio na kumwuliza kama amekula. Alikuwa hajala. Siku hiyo hawakulima; Bway Paw alianza kazi kesho yake.

Mavuno ya kwanza yalipoisha, Bway Paw alisimama kanisani kambini kutoa shukrani. Alijua kibali ni cha muda, na kwamba waliokitoa wanaweza kukichukua. Hata hivyo alimshukuru Mungu kwa ajili ya Lamduan, na yule ofisa ambaye jina lake hakuwahi kulijua, na mchele wote alioula bila kuulima.

"Na serikali pia," akaongeza. "Ipi, sijui, maana zimepita nyingi. Ile iliyotufungulia mlango, na ile ya zamani ambayo haikutufukuza."

"Na ile ya katikati, ya seng'enge?" mzee mmoja alidakia kutoka nyuma.

"Hiyo nitaishukuru mwakani," Bway Paw alijibu, na kanisa zima likacheka, mchungaji naye.